Dhamana na Hofu ya Kutoroka katika Masisi na Walikale

Katika Kiswahili, neno dhamana hutaja kwanza uhusiano wa watu: mdhamini husimama na kujibu kwa ajili ya mwenzake. Amri ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mwenendo wa kesi za jinai katika Kongo iliiweka dhamana hiyo katika fedha: mshtakiwa huweza kuachiliwa kwa muda akiweka kiasi fulani mikononi mwa karani wa mahakama. Kwa mujibu wa amri hiyo, kumweka mtu mahabusu kabla ya hukumu ni hatua ya pekee, na kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 kikakazia kwamba uhuru ndio kanuni. Hata hivyo, pakiwa na dalili nzito za hatia, mtu huweza kuzuiwa hata kwa kosa ambalo adhabu yake haifiki miezi 6, iwapo yahofiwa atatoroka au iwapo hajulikani ni nani.

Hivyo hakimu hutakiwa kupima jambo ambalo halijatokea, na kipimo kilicho karibu naye ni makao ya kudumu. Lakini tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea hadi Masisi. Tangu hapo wakazi wa wilaya hizo wamehama tena na tena, wengi wakiacha nyuma nyumba na hati zao. Aliyekimbia risasi akifikishwa mahakamani, safari yake husomeka kama dalili kwamba ataikimbia na sheria.

Si kwamba hofu ya kutoroka haina msingi kamwe. Bosco Ntaganda, aliyekulia Masisi, alijisalimisha Kigali mwezi Machi 2013, takriban miaka mitano baada ya hati ya kumkamata kutangazwa. Novemba mwaka huohuo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikataa kumwachilia kwa muda. Hapo palikuwa na mwenendo wa mtu mmoja wa kupimwa. Kuhama kwa mkimbizi wa vita si mwenendo wake. Ni msiba wa nchi nzima.

Asiye na makao si lazima awe hana watu. Kabla ya kuuliza mshtakiwa anaishi wapi, yafaa iulizwe nani anamjua na yuko tayari kujibu kwa ajili yake. Maana hiyo neno dhamana limeihifadhi tangu zamani.