Kocha asiye na uwanja wa mazoezi

Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alianza kuuza gemu lake, Football Manager, na mashabiki wakajifungia ndani kuongoza klabu zao. Mpinzani wao alikuwa kompyuta. Hattrick, iliyoanzishwa Sweden mwaka 1997, ilikuja kivingine: kupitia intaneti, klabu unayocheza nayo ina mwenyewe, naye anakuwazia mabaya kama unavyomuwazia. Nchi zilipozidi kujiunga zikawa na timu za taifa, kisha za vijana, kikosi kilichojulikana kwa miaka mingi kama U-20. Kocha wake huchaguliwa kwa kura na wamiliki wa klabu wa nchi husika, akae misimu miwili.

Kazi yenyewe ina kichekesho ndani yake. Kocha huita wachezaji na kupanga kikosi, lakini hana uwezo wa kumfundisha hata mmoja kupiga pasi. Vijana ni mali ya klabu. Klabu huchagua aina moja ya mazoezi kwa wiki, na anayefaidika ni aliyecheza nafasi inayohusika wiki hiyo.

Halafu kuna kalenda. Msimu una wiki 16, na mwaka mmoja wa umri wa mchezaji ni siku 112 tu. Enzi za U-20, kijana aliyepandishwa timu ya wakubwa ya klabu siku anayotimiza miaka 17 alikuwa na wiki 64 kabla ya kufikisha 21 na kutoka kwenye kikosi hicho. Aliyechelewa hadi anakaribia 18 alikuwa ameshapoteza robo ya muda huo. Kwa hiyo makocha makini walitazama tarehe ya kuzaliwa kwanza, kipaji baadaye. Zamani klabu ilivuta kijana mmoja kila wiki kwa kubahatisha. Akademi za vijana zilipokuja, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, mmiliki akaweza kumlea mtoto na kumpandisha siku yenyewe.

Nchi zilizofanikiwa zilikuwa na skauti wa kujitolea, watu wa kupekua soko la usajili usiku kucha na kuwaandikia wamiliki wasiowajua: tafadhali, mfanyishe huyu mazoezi ya pasi kwanza, halafu umbadilishe. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mmiliki anataka kipaji kimoja kilichopanda juu, maana ndicho kinachouzika. Kocha wa taifa anamtaka winga anayejua pia kuchezesha timu. Kumshawishi mtu apate hasara, hata kama ni ya fedha za gemu, kwa ajili ya bendera, ni siasa. Kwa maoni yangu, mbinu za uwanjani zilikuwa sehemu rahisi.

Nchi yenye klabu nyingi huzalisha vijana wengi, hilo halina ubishi. Lakini mchezaji akiuzwa nje habadilishi uraia, kwa hiyo taifa dogo liliweza kulelewa vijana wake na mgeni mwenye pesa na makocha bora, mradi skauti ajue kubembeleza.

Kwenye mashindano ikaongezeka hesabu ya ari. Kucheza kwa kujibana huipandisha. Kucheza kufa na kupona huishusha. Waliotumia nguvu zote kwenye makundi walifika mbele na kikosi hodari kisicho na moyo.

Na kijana wa miaka 17 anayeteuliwa leo atakomaa baada ya misimu minne. Kocha aliyemteua atakuwa ameshamaliza muda wake, na kikombe, kikipatikana, kitaandikwa jina la mrithi wake.