Tiketi ya Ndege ya Nje: Kununua kwa Wakala au kwa Shirika Lenyewe, na Hukumu Zake

BismiLlah, walhamduliLlah, wasswalatu wassalamu 'ala RasuliLlah. Amma ba'd.

Familia nyingi za Unguja na Pemba hukata tiketi ya ndege ya nje mara chache, na kila mara huwa ni kwa jambo zito: Umra ya mzazi, matibabu India, masomo ya kijana, arusi au msiba wa ndugu Maskati na Dubai. Fedha yenyewe aghlabu imechangwa na watoto wanne watano, mmoja wao yuko mbali na ametuma sehemu yake kwa tabu. Ndipo linapokuja swali: twende kwa wakala, au tununue wenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege? Na wakala akiongeza juu ya bei ya shirika bila kutuambia, fedha hiyo ni halali kwake?

Njia zote mbili zinajuzu. Watu hushughulika sana na tofauti ya bei, nayo mara nyingi ni ndogo. Kubwa zaidi ni kujua umefunga mkataba na nani, kwa sababu siku safari ikivunjika huyo ndiye utakayemfuata kwa fedha yako.

Buking si tiketi

Katika fiqhi, tiketi ya ndege inaingia katika mlango wa ijara: shirika linakuuzia manfaa, nayo ni kukuchukua wewe na mzigo wako kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, kwa siku na saa inayojulikana na kwa ujira unaojulikana. Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ameamrisha mwanzoni mwa Suratul Maida kutimiza mikataba, na masharti ya tiketi ni sehemu ya mkataba hata kama hukuyasoma. Watu wawili waliokaa viti vya jirani wanaweza kuwa na masharti mbalimbali kabisa: mmoja kalipa zaidi na anaweza kurejeshewa fedha yake, mwengine kachukua bei nafuu na hapati kitu akighairi. Basi bei rahisi usiiulize peke yake, iulizie na masharti yake.

Jambo la pili ni kutofautisha buking na tiketi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Buking ni nafasi iliyowekwa kwa jina lako. Ina namba yake ya herufi na tarakimu sita, na inaweza kuwepo bila ya hata senti moja kulipwa. Isipolipiwa kwa wakati, mfumo huifuta wenyewe. Tiketi ndiyo ushahidi kuwa fedha imelipwa, nayo ina namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: Ethiopian ni 071, Qatar Airways 157, Emirates 176, Turkish 235, Kenya Airways 706, Oman Air 910. Tiketi za karatasi ziliondolewa na jumuiya ya mashirika ya ndege, IATA, katikati ya mwaka 2008. Kwa hivyo ile karatasi unayokabidhiwa ofisini ni chapa tu ya kilichomo ndani ya mfumo, na wakati mwengine hakuna kilichomo.

Ukipewa karatasi, itazame kama ina zile tarakimu 13. Halafu ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, andika ile namba ya sita na jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasi, uone safari imetokea na imeandikwa kuwa tiketi imetolewa. Kijana yeyote wa nyumbani mwenye simu anaifanya kazi hii kwa dakika mbili. Ifanyeni siku ile ile mliyolipa, msingoje hadi mama ameshafunga mizigo.

Wakala anasimama upande gani?

Maneno haya mawili yametuhama kidogo. Kwa Kiarabu wakala ni kitendo cha kumwakilisha mtu, na anayefanya kitendo hicho ni wakili. Kiswahili chetu kimempeleka wakili mahakamani, na wakala ndiye amebaki dukani. Kwa hukumu, anayekaa nyuma ya meza ya ofisi ya tiketi anaweza kuwa mmoja katika watu watatu.

Anaweza kuwa mwakilishi wa shirika la ndege. Huyu ana kibali cha IATA au cha shirika, anatoa tiketi kwenye mfumo wake mwenyewe, na fedha anaifikisha kwa mashirika kwa utaratibu wao. Ofisi nyingi ndogo mitaani hazina kibali hicho. Zinakusanya wateja na kununua kwa ofisi kubwa zaidi, aghlabu Dar es Salaam. Si kosa, lakini ujue kwamba fedha yako inapita mikono miwili kabla ya kuwa tiketi.

Anaweza kuwa wakili wako wewe. Umempa fedha, umemwambia akutafutie safari nzuri ya Jeddah kwa bei nzuri. Huyu ni mwaminifu, yaani fedha iko mkononi mwake kama amana. Ikipotea bila ya uzembe wala kuvuka mipaka, halipi. Akizembea au akavuka mipaka, analipa. Na kuchukua fedha ya mteja huyu kukatia tiketi ya mteja wa jana, kwa kutaraji mteja wa kesho atajaza pengo, ni kuvuka mipaka kwa uwazi kabisa, hata kama kila mmoja mwishowe anasafiri. Biashara inayoendeshwa hivyo huanguka siku moja, na inapoanguka huwaangukia wote waliokuwa kwenye foleni.

Au anaweza kuwa muuzaji. Anakuuzia Umra nzima, yaani tiketi, viza, hoteli za Makka na Madina na usafiri wa baina yake, kwa bei moja. Hapo faida ni yake na halazimiki kukuonesha aliponunua. Lakini dhima nayo ni yake. Hawezi kuchukua faida ya muuzaji, kisha hoteli ikikosekana akajitetea kuwa yeye alikuwa mjumbe tu.

Kuhusu yule wa pili, tuna mfano mzuri katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimpa Urwa al-Bariqi (Radhiya Allahu anhu) dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akapata kondoo wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake. Wanazuoni wametoa humo mas'ala mengi. Linalotuhusu ni kwamba nafuu aliyoipata wakili aliirudisha kwa mwenye fedha, hakuifanya siri yake.

Kwa hivyo wakala uliyemtuma akununulie, akapata tiketi kwa dola 620 akakwambia shirika linauza 700, zile 80 si halali kwake. Angekwambia "tiketi ni 620 na ujira wangu ni 80", ukaridhia, ni halali bila ya shaka. Fedha ni ile ile. Kilichoiharibu ni uongo.

Tusiwadhulumu mawakala lakini. Zamani mashirika yaliwalipa kamisheni kwa kila tiketi, na mteja hakuona gharama yoyote. Tangu miaka ya 1990 kamisheni hizo zikaanza kupunguzwa, na Marekani mashirika makubwa yakaifuta ile ya msingi mwaka 2002. Kwingineko nako mtindo huo ukafuata kwa kiasi kikubwa. Wakala wa leo anaishi kwa ada ya huduma. Anayekaa na bibi yako saa nzima, akamtafutia safari isiyo na kungoja saa kumi na nne uwanjani, akamuombea kiti cha magurudumu, amefanya kazi na anastahiki ujira. Kumpigisha kazi hiyo yote kisha kwenda kununua kwenye simu ili kuokoa shilingi elfu ishirini si tabia nzuri, japo hakuna mkataba ulioufunga.

Safari ikivunjika

Ukinunua kwa shirika moja kwa moja, marejesho hurudi kwenye kadi ile ile iliyolipa. Ukinunua kwa wakala, shirika kwa kawaida humrejeshea wakala, naye ndiye anayekukabidhi. Ukienda kaunta ya shirika utaambiwa urudi ulikonunua. Mwaka 2020, ndege zilipositishwa duniani kwa maradhi ya korona, watu wengi walilijua hili kwa mara ya kwanza: shirika limesharejesha, wakala kimya, au ofisi imefungwa. Fedha ya marejesho iliyomfikia wakala ni amana. Haimhalalikii kuizungusha, wala kumlazimisha mteja aichukue kama tiketi ya safari nyengine bila ya ridhaa yake. Ada yake ya kazi ni jambo mbali. Kazi aliifanya, na haimlazimu kuirudisha ila kama mliagana hivyo.

Ukighairi mwenyewe, utafuata masharti. Hata tiketi isiyorejeshwa, mara nyingi zile kodi za viwanja zilizomo ndani yake hurejeshwa kwa asiyesafiri, na watu hawaulizi. Ulizeni. Na ada ya kubadilisha tarehe, ikiwa ilitajwa tangu mwanzo, haihesabiwi kuwa riba, kwani hakuna deni linaloongezwa kwa sababu ya kucheleweshwa.

Arbuni ina maneno zaidi. Wakala anataka dola 100 za kushikia nafasi, na ukighairi hazirudi. Madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu visiwani tunayafuata, hayakuijuzisha arbuni ya namna hii, na hivyo hivyo Hanafi na Maliki. Hanbali wameijuzisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilichukua kauli ya kujuzu kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekewe mpaka. Anayetaka kujitoa katika khilafu asikubali sharti hilo, alipe tiketi ikitolewa. Anayefuata kauli ya Baraza, basi iandikwe arbuni ni ya hadi siku gani.

Kulipa kidogo kidogo kunajuzu ikiwa bei ni moja na haibadiliki. Kinachokatazwa ni kuongezewa kila mwezi kwa kuchelewa; hiyo ndiyo riba yenyewe. Na bei ikitajwa kwa dola nawe ukalipa kwa shilingi, mchukue thamani ya siku ya malipo na mmalizane hapo hapo, kwa mujibu wa Hadithi ya Ibn Umar (Radhiya Allahu anhuma) aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu.

Nani anakufaa?

Msafiri mmoja, njia moja, na nyumbani kuna mwenye kadi ya benki inayokata fedha yake mwenyewe: nunueni kwa shirika. Mabadiliko ya ratiba yatakuja moja kwa moja kwenye simu yenu, na ndege ikiahirishwa usiku wa manane hamtongoja ofisi ifunguliwe. Angalieni mambo mawili. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, si la nyumbani, kwani kulirekebisha baadaye kuna gharama na pengine hakuruhusiwi. Na baadhi ya mashirika hutaka kuiona kadi iliyolipa. Kijana wa London anayemlipia mama yake aulize kabla.

Zile tovuti za nje zinazouza tiketi za mashirika yote pamoja, msizidhani kuwa ndiyo shirika. Nazo ni mawakala, tena wasio na mlango wa kugonga. Kama ni wakala tu, bora wa Darajani unayemjua anaposwali.

Wakala anafaa zaidi kwa kundi la Umra, kwa wazee, kwa mgonjwa anayehitaji karatasi za daktari zifike kwa shirika mapema, na kwa safari yenye mashirika zaidi ya moja. Hapa watu wa Pemba wasikilize zaidi. Ukinunua kipande cha Pemba hadi Dar es Salaam peke yake, kwa boti au ndege ndogo, na tiketi ya kimataifa peke yake, kipande cha kwanza kikichelewa shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Na ukikosa kipande cha mwanzo cha tiketi bila ya kutoa taarifa, kwa kawaida mfumo hufuta vyote vilivyobaki, hata vya kurudi. Wakala anayejua kuziunganisha safari katika tiketi moja, na pale isipowezekana akakushauri ulale Dar usiku mmoja, ada yake imelipa.

Kwa vyovyote, andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni, na risiti ya "fedha za tiketi" haitoshi. Iandikwe bei ya shirika, ada ya wakala, njia na tarehe, tiketi itatolewa lini, na safari ikivunjika nani anarejesha nini. Itiwe saini na wawepo mashahidi wawili, hata kama wakala ni mtoto wa shangazi. Mkifika kugombana, jueni kuwa Mahakama ya Kadhi kwetu inashughulika na ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Madai ya tiketi yanakwenda mahakama za kawaida, na huko kitakachoulizwa mwanzo ni ile karatasi.

WaLlahu a'lam.