Zebaki, aseniki na wenzake: lini ni dawa, lini ni sumu

Baada ya kipindi chetu kimoja cha afya, msikilizaji alituma ujumbe: "Mtangazaji, umesema zebaki ni sumu. Mbona mama yangu alizibwa jino hospitali kwa zebaki?" Dakika mbili zilizobaki hewani hazikutosha kumjibu, kwa hiyo tunamjibu hapa.

Mwili wa binadamu unahitaji baadhi ya madini kwa kiasi kidogo sana. Chuma ni kwa ajili ya damu, iodini kwa tezi ya shingo, zinki kwa ukuaji na kinga. Ukiyakosa, unaugua. Lakini yapo madini mengine ambayo mwili hauna mahitaji nayo: zebaki, risasi, aseniki, lithiamu, bariamu. Haya yanatuingia tu, kwa maji, chakula, hewa au ngozi. Hata hivyo madaktari wameyatumia kutibu, na baadhi wanayatumia mpaka leo. Kinachoamua kama utapona au utadhurika ni kiasi chake, yamechanganyika na nini, na yameingia mwilini kwa njia gani.

Mfano mkubwa uko kwetu, Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 upande wa Uganda. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch aliweka kambi katika visiwa vya Ssese, akawachoma wagonjwa sindano za atoxyl, dawa yenye aseniki. Vimelea vilipungua kwenye damu na watu wakaanza kupata nafuu. Nafuu hiyo haikudumu, akaongeza dozi. Hapo baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena.

Mwaka 1949 ikaja melarsoprol. Mtengenezaji wake aliiunganisha aseniki na dawa inayotumika kuondoa sumu ya aseniki mwilini, akitumaini kupunguza ukali. Ilifanya kazi hata vimelea vilipokwisha kufika kwenye ubongo, hatua ambayo mgonjwa asipotibiwa hufa. Lakini sindano yake iliunguza mshipa, na kati ya wagonjwa 100, takriban 5 waliuawa na dawa yenyewe. Hebu fikiria muuguzi anayejua hesabu hiyo na bado anaandaa sindano, kwa kuwa hakuna nyingine. Kwa miaka mingi hali ilikuwa hivyo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoweka vidonge vya fexinidazole kuwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wengi wa malale ya Afrika Mashariki, hivyo melarsoprol imerudi nyuma.

Aseniki yenyewe haijaondoka hospitalini. Aina mojawapo ya saratani ya damu inatibiwa nayo, na wengi wanapona.

Nje ya hospitali, aseniki inapatikana kwenye maji ya chini ya ardhi katika baadhi ya maeneo, hasa penye miamba ya dhahabu, Kanda ya Ziwa ikiwemo. Haina rangi wala ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Anayekunywa maji yenye nyingi kwa miaka huota madoa kwenye ngozi, viganja na nyayo vikawa vigumu, na baadaye anaweza kupata saratani. Tafadhali shika hili: kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi aseniki. Ni kupima maji tu kunakoweza kuionyesha, kwa hiyo kamati ya maji ya kijiji iombe kisima kipimwe.

Sasa zebaki. Dawa ya kuziba jino ni mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni zebaki, pamoja na fedha, bati na shaba. Ikishaganda, inatoa mvuke kidogo mno. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwa mojawapo, zimekubaliana kuipunguza, na watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha hawazibwi nayo isipokuwa mtaalamu aone ni lazima. Mama yako mwenye jino zima lililozibwa zamani asikimbilie kuling'oa; kulichokonoa ndiko kunakotoa mvuke zaidi.

Hofu yangu iko kwa wachimbaji wadogo. Zebaki ya maji ikimezwa, tumbo hupokea chembe tu. Mvuke wake ukivutwa, karibu asilimia 80 hubaki mwilini na kufika kwenye ubongo. Maana yake ni kwamba hatari kubwa iko pale unapochoma donge ili ubaki na dhahabu. Nimeona watu wakichoma kwenye jiko lile lile la ugali, mtoto amebebwa mgongoni. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau na kukasirika ovyo, watu wakadhani amerogwa. Choma mbali na nyumba, kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba la kuupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na watoto na wajawazito wasikaribie.

Ndugu yake ni sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zina chumvi za zebaki, ambazo hupita kwenye ngozi na kuharibu figo. Soma boksi: ukiona "mercury", "calomel" au "Hg", au onyo kwamba usiguse vito vya dhahabu na fedha, iache. Bidhaa isiyo na maandishi yoyote usiiamini pia.

Lithiamu ni dawa nzuri kwa wenye ugonjwa wa akili unaompandisha mtu furaha kupita kiasi kisha kumshusha kwenye huzuni. Ila kipimo cha damu kinachotibu kiko karibu sana na kinachodhuru. Kuhara, kutapika, kukosa maji, au dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kukipandisha. Anayeitumia akianza kutetemeka sana, kulewalewa au kuongea kwa kukokota, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Bariamu nitaitaja tu: ile nyeupe unayonyweshwa kabla ya eksirei ya tumbo haiyeyuki, inatoka kama ilivyoingia. Aina nyingine yake ni sumu ya panya.

Ukienda kituo cha afya na dalili kama hizi, mwambie mhudumu kazi unayofanya, maji unayokunywa na unachopaka, hata asipouliza. Na boksi la sabuni au krimu libebe.