Kusema na Kuhesabu: Asili ya Vitenzi Vinne vya Kiingereza

Viko vitenzi vinne vya Kiingereza ambavyo ni vifupi kwa kutamka na vyepesi kwa kuandika, lakini huwatatiza wanafunzi wa Afrika Mashariki hata baada ya miaka mingi ya masomo. Navyo ni "say", "tell", "speak" na "talk". Vyote vinne vyaweza kufasiriwa kwa neno moja la Kiswahili, kusema, na hapo ndipo matata yaanzapo. Mwanafunzi huandika "he said me", na mwalimu hupiga mstari mwekundu. Hugeuka akaandika "he told that he was ill", na mstari wa pili hufuata. Akiuliza sababu, jibu alipatalo mara nyingi ni kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo. Jibu hilo si la uongo, walakini halimtoshi mtu atakaye kujua. Laifanya lugha ionekane kuwa rundo la amri zisizo na maana, na kazi ya mgeni kuwa kutii tu. Sivyo hata kidogo. Kanuni hizi zina asili yake, na asili hiyo yaweza kufuatwa karne kwa karne. Atakayeifuata ataona kwamba kila kitenzi katika hivi vinne kingali kikifanya, kwa namna yake, kazi iliyokuwa yake tangu zamani.

Kiingereza cha kale kilisemwa baina ya karne ya 5 na karne ya 11. Kilikuwa lugha ya Waangli na Wasaksoni, waliovuka bahari kutoka pwani za nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark, wakafanya maskani yao katika kisiwa cha Britania. Katika lugha hiyo vitenzi vikuu vya kusema vilikuwa vinne: "cwethan", "secgan", "sprecan" na "tellan". Cha kwanza kimekufa. Cha pili ndicho "say" ya leo, cha tatu ndicho "speak", na cha nne ndicho "tell". "Talk" kilikuwa hakijazaliwa. Na tuanze na "tell", kwa kuwa ndicho chenye habari nyingi zaidi.

Maana ya asili ya "tellan" ilikuwa kuhesabu, yaani kuvitaja vitu kimoja baada ya kimoja mpaka viishe. Ndugu zake wa ng'ambo wangali na maana hiyo hata leo: Mholanzi ahesabupo husema "tellen", na Mjerumani husema "zählen". Tofauti ya herufi isimshangaze msomaji, maana mara nyingi Kiingereza kinapoanza na "t" Kijerumani huanza na "z". Kumi kwa Kiingereza ni "ten", na kwa Kijerumani ni "zehn". Jina "tale" ni la jamaa iyo hiyo, nalo zamani lilikuwa na maana mbili, idadi na hadithi. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, kitabu cha Kutoka, sura ya 5, idadi ya matofali ambayo Waisraeli walidaiwa Misri imeitwa "tale". Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, Abramu aambiwapo atazame juu na kuzihesabu nyota, kitenzi kilichotumika ni "tell". Wafasiri wa Kiswahili waliandika kuhesabu, wakafasiri sawasawa. Shakespeare naye, katika mchezo wake wa Hamlet uliotungwa mnamo mwaka 1600, amfanya Horatio aeleze muda ambao mzuka ulisimama mbele yao: ni muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka mia pasipo kukimbilia sana. Hapo tena kuhesabu ni "tell".

Maana hii haijafutika. Karani wa benki apokeaye na kutoa fedha dirishani huitwa "teller", wala si kwa sababu huwasimulia wateja hadithi, bali kwa sababu huhesabu. Katika Bunge la Uingereza wale wahesabuo kura za wajumbe huitwa "tellers". Hazina ya Wafalme wa Uingereza ilikuwa na maofisa wa jina hilo kwa karne nyingi, hata cheo chao kilipofutwa mwaka 1834. Mkatoliki apitishaye rozari vidoleni, kwa Kiingereza husemwa kwamba "tells his beads". Na mali isiyo na hesabu huitwa "untold wealth". Mtu ajuaye "tell" kuwa kuambia tu, maneno haya yote humpita kama mafumbo.

Je, kuhesabu kuligeukaje kuwa kuambia? Safari yake si ndefu. Asimuliaye kisa huyapanga mambo kwa taratibu, hili kwanza na lile la pili, kama ahesabuye fedha. Lugha nyingine zimepita njia hiyo hiyo. Katika Kifaransa "compter" ni kuhesabu na "conter" ni kusimulia, na vyote viwili vimetokana na neno moja la Kilatini, "computare". Nasi Waswahili twasema kwamba mtu ametakiwa atoe hesabu ya matendo yake, hali hatazamiwi kutoa tarakimu bali maelezo. Basi hesabu huwa ni hesabu ya vitu, na aghalabu hufanywa mbele ya mwingine, kama mfanyabiashara ahesabuye sarafu kiganjani mwa mdai wake. Ndiyo sababu "tell" hutaka kitu kitolewacho na mtu wa kukipokea. Mtu akiachwa nje, kitu chenyewe hakina budi kuwapo, tena kiwe cha kusimuliwa au cha kuhesabika: kisa, kweli, uongo, saa. Hata pale ambapo "tell" ni kutambua tofauti ya pacha wawili, twaisikia sauti ya mhesabuji atengaye huyu na huyu.

Sasa tuje kwenye "cwethan". Hiki kilikuwa kitenzi chenye cheo kikubwa. Katika Injili zilizofasiriwa kwa Kiingereza cha kale kabla ya kuja kwa Wanormani mwaka 1066, ndicho kitanguliacho maneno ya wasemaji mara kwa mara. Baadaye "secgan" ilikinyang'anya mahali pake kidogo kidogo. Shakespeare alikuwa angali akitumia "quoth", lililo umbo lake la wakati uliopita, na Edgar Allan Poe alilitumia mwaka 1845 katika shairi lake la kunguru. Lakini kufikia hapo lilikuwa limekwisha kuwa pambo la washairi. Hata hivyo, kitenzi hiki kiliacha mtoto. "Bequeath", yaani kuusia mali, ni neno lililoundwa kutokana na "cwethan". Zamani wasia wa Mwingereza ulikuwa hasa maneno ya kinywa yaliyotamkwa mbele ya mashahidi, na maandishi yalikuwa ukumbusho tu. Desturi imekufa, kitenzi kimekufa, na neno la urithi limebaki.

Mrithi wa cheo hicho ni "say". Kazi yake ni kuyaleta maneno yenyewe, ama kama yalivyotamkwa ama kwa maana yake. Jicho lake li juu ya maneno, si juu ya msikilizaji. Kwa hiyo msikilizaji akitajwa hutanguliwa na "to". Lakini hapa historia yatuonyesha jambo litakalomfurahisha mwanafunzi. Katika Kiingereza cha kale mtu aliweza kusema "ic the secge", ambayo neno kwa neno ni "nakusema", na maana yake nakuambia. Haikuwa kosa. Majina na viwakilishi vya zamani vilikuwa na maumbo mbalimbali, na umbo moja lilionyesha yule apokeaye, bila kuhitaji neno jingine. Baina ya karne ya 11 na karne ya 14 maumbo hayo yalichakaa, na kazi yake ikachukuliwa na maneno kama "to" na kwa mpango wa maneno katika sentensi. "Tell" ilibaki na mtu wake ubavuni. "Say" ikamweka mbali. Wajerumani, ambao maumbo yao hayakuchakaa kiasi hicho, wangali wakisema "sag mir". Basi mwanafunzi aandikaye "he said me" amekosa sarufi ya leo, lakini amegusa bila kujua sarufi ya miaka elfu iliyopita. Utetezi huu hautampa alama katika mtihani. Walakini utamwondolea aibu, maana kosa lake si ujinga wa mtu asiyefikiri.

"Speak" na "talk" zaweza kuelezwa kwa ufupi. "Speak" ilipoteza herufi "r" ya "sprecan" karibu na mwisho wa zama za kale. Wajerumani na Waholanzi wangali nayo. Maana yake yaelekea tendo lenyewe la kutoa sauti na uwezo wa kulitenda. Kwa hiyo mtu "speaks" lugha, wala "hasay" lugha. Tena ni neno lenye heshima ya baraza. Thomas Hungerford, aliyekuwa wa kwanza kuitwa Spika wa Bunge la Uingereza mwaka 1377, alipewa jina hilo kwa sababu aliwasemea wajumbe mbele ya mfalme. "Talk" ilizuka katika karne ya 13, nayo ni ya ukoo wa "tale" na "tell". Ikaachiwa maongezi ya watu wakaapo pamoja, maneno yaendayo na kurudi. Ndiyo maana hupenda kuandamana na "to" na "with". Ni jirani wa kuzungumza na kuongea kwetu.

Hapo twafika nyumbani. Yasemwa mara nyingi kwamba Kiswahili ndicho kimpotoshacho mwanafunzi. Nasema kinyume chake. Mswahili hawezi kusema "alinisema kwamba baba amefika", atasema "aliniambia". Akisema "alinisema", maana yake alimkaripia au alimtaja kwa ubaya. Wala hatasema "aliambia kwamba baba amefika" akanyamaza, kwa kuwa ambia humdai mtu wa kuambiwa. Basi tofauti ya "say" na "tell" anayo ulimini tangu utotoni. Imebaki mwalimu amwonyeshe tu.

Na si hayo tu. Ambia imetokana na amba, kitenzi cha kale kilichokuwa na maana ya kusema, nacho chasikika katika tenzi za Pate na Lamu. Katika usemi wa kawaida wa leo amba imekaribia kutoweka, kama "cwethan" ilivyotoweka, lakini watoto wake wamejaa kila mahali. Ambia ni wake. Kwamba si kitu ila "kuamba", yaani kusema. Na ambaye, ambacho, ambalo, tuyatumiayo kila siku kuunga sentensi zetu, yote yametoka kwake. Watu wawili wasiojuana, mmoja katika bahari ya kaskazini na mmoja katika pwani ya Afrika Mashariki, wamezika kila mmoja kitenzi chake cha kusema, na kila mmoja angali akiishi kwa urithi wake.

Kwa hiyo yafaa mwalimu wa Kiingereza, aulizwapo "kwa nini?", asikimbilie kusema kwamba ndivyo ilivyo. Na amwulize mwanafunzi kwanza: Kwa Kiswahili hapa ungetumia kusema au kuambia? Kisha amweleze habari za karani wa benki na matofali ya Misri. Kanuni iliyokaririwa husahauliwa siku ya pili baada ya mtihani, lakini kanuni ambayo mtu ameijua asili yake hukaa naye. Tena mtoto aliyeona kwamba lugha ya mamaye ni ufunguo wa lugha ya wageni hataidharau hii wala kuiogopa ile.