Sheria za Mabaharia Weusi: mgogoro wa Uingereza na Carolina Kusini

Sheria za Mabaharia Weusi zilipitishwa na majimbo kadhaa ya pwani ya kusini mwa Marekani katika karne ya 19. Ya kwanza ilikuwa ya Carolina Kusini, Desemba 1822, miezi michache baada ya kugunduliwa kwa njama ya uasi wa watumwa mjini Charleston. Watawala walihofia kwamba mabaharia weusi walio huru wangeeneza fikra za uhuru.

Masharti
Baharia huru mwenye asili ya Afrika alishushwa melini na kufungwa gerezani hadi meli yake itakapoondoka. Nahodha alitakiwa kulipa gharama za kumweka gerezani na kuondoka naye. Asipofanya hivyo alitozwa faini isiyopungua dola 1,000 na kufungwa, naye baharia aliweza kuuzwa kama mtumwa.

Malalamiko ya Uingereza
Mwaka 1823 mwakilishi wa Uingereza mjini Washington, Stratford Canning, aliwasilisha malalamiko kwa Waziri wa Mambo ya Nje, John Quincy Adams. Uingereza ilitegemea mkataba wa biashara wa 1815, ulioruhusu raia wa nchi hizo mbili kuingia bandarini kwa usalama pamoja na meli na shehena zao.

Mwaka huohuo, katika shauri la Henry Elkison, baharia kutoka Jamaica, Jaji William Johnson alisema sheria hiyo inakiuka katiba na mkataba. Hata hivyo, alieleza kuwa hana mamlaka ya kumtoa mfungwa aliye mikononi mwa jimbo. Mwaka 1824 Mwanasheria Mkuu William Wirt naye aliona sheria hiyo ni batili. Carolina Kusini ilikataa, ikidai kuwa usalama wake wa ndani una uzito kuliko mkataba wowote.

Matokeo
Miaka ya 1850 konseli wa Uingereza mjini Charleston, George Mathew, aliamua kuzungumza na jimbo lenyewe. Mwaka 1856 sheria ililegezwa, mabaharia wakaruhusiwa kubaki melini badala ya kupelekwa gerezani. Suala lenyewe liliisha kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 na kukomeshwa kwa utumwa.

Kwa msafirishaji, mgogoro huu unaonyesha kuwa mkataba hutiwa saini mji mkuu, lakini hutekelezwa bandarini. Wakubwa wa pande mbili walipovutana, gharama zilibaki kwa nahodha, na kifungo kwa baharia.