Reli ya Tororo: Urithi Unaohitaji Ulinzi



Kila msafiri aingiaye Uganda kwa njia ya Malaba huuona Mwamba wa Tororo kabla hajauona mji wenyewe. Mwamba huo ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani sana. Chini yake pamelala alama nyingine, fupi kwa kimo lakini ndefu kwa historia. Nayo ni reli.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda. Ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walipoteza maisha. Ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, sehemu hiyo ilikuwa bado ni mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka uliofuata wakoloni walilihamisha eneo hilo na kulitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Hivyo Reli ya Uganda ikajikuta haigusi ardhi ya Uganda hata kidogo! Hapo tunaona kwamba reli ilitangulia na mpaka ukafuata; na mpaka wenyewe ulichorwa bila wananchi kuulizwa.

Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, mali ya Uganda iliyokwenda pwani ilivushwa ziwani kwa meli mpaka Kisumu. Hata reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilikuwa kiungo cha meli za maziwa mawili tu. Katika miaka ya 1920 ndipo njia mpya ilipotoka Nakuru, ikapanda nyanda za juu, ikapita Eldoret na kuingia Tororo. Hapo iligawanyika: mkono mmoja ukaelekea Mbale na Soroti, na mwingine ukaelekea Jinja, ukavuka Mto Nile na kufika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda ya nchi nzima.

Wakulima wa Budama, katika sehemu kama Nabuyoga na Nagongera, waliipata bahari karibu na mashamba yao, kwa maana pamba iliyopakiwa katika behewa iliweza kufika Mombasa bila kupanda meli ya ziwa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kiwanda cha saruji kilianzishwa Tororo, wakati uleule bwawa la umeme la Owen Falls likijengwa Jinja. Mji wa pamba ukawa mji wa viwanda.

Lakini reli ni kama mshipa wa damu: ukikatwa mahali pamoja, mwili wote hudhoofika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika moja la reli lilitawanyika, na Malaba ikawa mahali pa kukabidhiana mabehewa. Mwaka 1993 safari za treni katika njia ya kaskazini kutoka Tororo zilisimama. Mwezi Januari 2008, ghasia za uchaguzi nchini Kenya zilipofanya reli ing'olewe mjini Nairobi, mafuta yaliadimika Uganda.

Leo adui wa reli huja kimyakimya. Huja usiku na spana, hufungua taruma la chuma, na asubuhi huliuza kama chuma chakavu. Anayelinunua ni mwizi mwenzake. Fedha anazopata ni za siku moja. Hasara ni ya treni, ya dereva wake na ya taifa zima. Kwa hiyo askari anayemkamata mwizi asiishie kwake, bali amfuate na mnunuzi mpaka ghalani.

Mwezi Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kimataifa, kilomita 272, kutoka Malaba hadi Kampala. Hilo ni jambo la kufurahia. Hata hivyo, mgeni hapokelewi kwa kumtupa mzee nje. Stesheni za zamani, madaraja na njia yenyewe ni ushahidi wa jasho la waliotutangulia, na taifa lisiloweza kulinda taruma la zamani litawezaje kulinda reli mpya?

Ndugu askari, reli haina mdomo wa kupiga kelele inapoibwa. Ninyi ndio mdomo wake, na ninyi ndio macho yake.