Nyayo za Laetoli na faili zangu zilizopotea

Nimeadimika kidogo, ndugu zangu, na sababu ni diski. Ile ndogo ya nje, ya kubeba mfukoni. Ilinianguka sakafuni kwenye gesti moja pale Karatu usiku nikipanga vitu vya kurudi Arusha, na tangu hapo haikusoma tena. Ndani yake mlikuwa na video za siku tisa: Karatu mjini, geti la Lodoare, halafu kule Endulen.

Fundi akaifufua kwa programu, akanikabidhi folda moja. "Zote zipo kaka, tena zimezidi." Kweli bwana. Daftari langu lilikuwa na klipu 214, folda ina 231. Nikashangilia kama dakika mbili hivi, kisha nikajiuliza: zimezidije?

Ukweli ni kwamba programu ikipekua diski iliyoharibika huokota kila kinachofanana na video, pamoja na vile ulivyokwisha kuvifuta. Na majina haikurudishii, maana jina la faili kwa kawaida halikai ndani ya faili, linakaa kwenye orodha ya diski, na orodha ndiyo imekufa. Unabaki na tarakimu ndefu zisizosema lolote. Kuhesabu hakusaidii. Inabidi uwe na orodha nyingine, iliyoandikwa kabla ya ajali, uzipambanishe.

Hapo ndipo Laetoli iliponijia kichwani, maana Endulen na Laetoli ni majirani, zote zikiwa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Kisa chenyewe wengi tulikisoma shuleni nusu nusu. Mwaka 1976 wageni katika kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo (ndiyo, wanasayansi wazima), na mmoja wao, Andrew Hill, alipokuwa chini akaona alama za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Mwaka 1978 Paul Abell akaona unyayo wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Katika misimu miwili, 1978 na 1979, zikafukuliwa nyayo kama 70, mstari wa mita 27 hivi, wenye umri wa miaka milioni 3.6.

Halafu wakazifukia tena. Mchanga, na juu yake mawe ya volkano, ili mvua na ng'ombe wasiziharibu. Wazo zuri tu, ila mchanga ulikuja na mbegu za migunga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 juu ya nyayo za kale kuliko zote zilizojulikana wakati ule za viumbe wa ukoo wetu palikuwa na miti, na mizizi haiulizi chini kuna nini.

Idara yetu ya Mambo ya Kale na taasisi ya Getty ya Marekani wakafukua upya, sehemu moja mwaka 1995 na nyingine 1996. Jiweke kwenye nafasi yao. Unaona mzizi umepita hapa, mwamba umevunjika. Je, palikuwa na kidole gumba pale, au ni jiwe tu? Ardhi haiwezi kukujibu, kwa sababu kilichopotea hakiachi tangazo. Jibu lilikuwa kwenye picha za mwaka 1979 na kwenye nakala za umbo la nyayo zilizotengenezwa siku zile. Ukiziweka pembeni ya nyayo zenyewe, tofauti ndiyo hasara. Ikaonekana sehemu kubwa imesalimika, na palipoumia panajulikana. Wakapima upya kwa picha, wakafukia tena, safari hii kwa kitambaa chenye dawa ya kuzuia mizizi.

Mwaka 2019 watafiti walirudi eneo jingine la hapo hapo, lile la A, ambako nyayo tano zilizoonekana tangu 1976 zilikuwa zimedhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa za dubu. Walipochimba waliongozwa na ramani za Mary Leakey, na nyayo wakazikuta. Mwaka 2021 wakaandika kwamba aliyezikanyaga alikuwa wa ukoo wetu, si dubu. Faili ilikuwepo miaka yote, imepewa jina la mwenzake. Mimi hiyo ramani naiheshimu kuliko hata nyayo, mniwie radhi.

Watu wa kompyuta nao walifika hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 1974, katika maabara za Bell, Marekani, ilitoka programu iitwayo diff, kazi ya Douglas McIlroy, ya kuonyesha mistari ambayo faili mbili hazifanani. Mbili, lakini. Ukiwa na moja haina la kukwambia.

Najua mtauliza mbona sikuwa na nakala. Nilikuwa nayo nusu: klipu 96 kwenye laptopu. Hizo nililinganisha kwa MD5, ile tarakimu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, jina liwe lolote. Zikalingana 88, nane zilikuwa zimeongezewa uchafu mkiani, nikazitambua kwa urefu wa dakika. Zilizobaki 118 nilizitafuta kwa daftari, moja moja, usiku nne. Nikapata 113. Za ziada 19 zilikuwa za harusi ya binamu yangu, nilizifuta mwaka jana kwa sababu za kifamilia. Tatu ni vipande.

Kipande kimoja ni klipu ya 147. Daftari linasema: "Dk. 14. Mzee anaonyesha boma, zizi la ndama, alipozaliwa kifungua mimba." Familia yake ilikuwa inajiandaa kuhamia Msomera, Handeni, kama wengine wanaohamishwa tangu Juni 2022. Boma halipo tena. Kwenye diski zimebaki sekunde 11: mzee anarekebisha shuka, ananyoosha fimbo, picha inaganda.

Nimempigia simu huko Msomera. Akauliza kama fimbo inaonekana. Nikasema, inaonekana babu. Akasema niende na karatasi kubwa, atanichorea boma lote, mlango kwa mlango.